Kitanda cha Tatu

Juzi mama mmoja, jirani mpya, alipiga hodi akiwa ameshika kiroba kinacholia. Nilikuwa barazani kwetu Katubuka, simu mkononi, naangalia kama nimeitwa kwenye usaili wowote tangu nimalize chuo. Nilikuwa nimetoka kuangalia, lakini niliangalia tena, huenda ujumbe umeingia nilipopepesa macho.

"Mwanangu, hapa si ndipo kwa bibi wa paka?" akauliza.

Akafungua kiroba kidogo, nikaona sikio moja lenye tope. Sikukipokea. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukiishia hapo utaniona nina roho mbaya, na mimi mwenyewe sijamaliza kulifikiria hilo.

Bibi yangu alikuwa mhudumu wa wodi. Alistaafu kazi, lakini lugha ya wodini haikustaafu. Wachuuzi wa ufukweni Kibirizi walimletea watoto wa paka waliookotwa chini ya mitumbwi iliyopinduliwa na katikati ya magunia ya dagaa, wengine macho yameziba, wengine hawajui hata kulamba. Bibi hakusema anawafuga. Alisema wamelazwa. Katika jiko letu la nje alipanga maboksi ya sabuni ukutani, kila boksi kitanda. Paka hakupewa jina, kwa sababu jina, alisema, atapewa na mwenye nyumba atakayemchukua. Kwa hiyo tuliulizana kama kitanda cha kwanza amekula, kama kitanda cha pili bado anaharisha. Akipona na kupata kwao, tulisema ameruhusiwa.

Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Kabla ya shule nilimwaga majivu machafu ya kwenye karai walimojisaidia na kuweka mapya, nikaosha dagaa mara tatu kutoa mchanga na chumvi, nikawachemsha. Wasiojua kula niliwadondoshea maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja moja, nisije nikawapalia. Nilifika darasani vidole vinanuka dagaa. Wenzangu wakaniita daktari wa nyau. Mwalimu alicheka nao, kisha mchana akaniita pembeni kuniuliza kama tunaye paka wa kukamata panya wa stoo ya shule. Jirani wa wakati huo naye hakuchoka kumtania Bibi.

"Mama, hawa wangekuwa mbuzi sasa hivi ungekuwa unatembelea gari."

"Wangekuwa mbuzi ungeshaniomba mmoja," Bibi akamjibu, huku anakoroga ugali wa muhogo, mawese yakichemka pembeni na kuujaza uwanja harufu ambayo siku hizi siisikii popote.

Paka hakuruhusiwa hivi hivi. Aliyekuja kumchukua aliulizwa maswali matatu. Stoo yako ina sumu ya panya? Ukisafiri, nani atampa maji? Ukimchoka, utamrudisha hapa au utamtupa? Watu wazima na heshima zao walisimama pale mlangoni wakijibu kama wanafunzi. Mimi niliyajua maswali yale kuliko jedwali la kuzidisha.

Kitanda cha tatu alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, jicho moja limevimba alipoletwa. Alikaa nasi muda mrefu kuliko wote. Jicho lilipofunguka, mtu wa kwanza aliyemwona nalo alikuwa mimi, au ndivyo nilivyoamua kuamini.

Siku moja Bibi alienda msibani, kulala huko huko. Akaniachia wodi. Mchana akaja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, ana haraka, boti inamsubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mjukuu. Nimemfuata yule wa kijivu. Bibi yako tulishaongea."

Maswali yalikuwa mdomoni. Lakini nilishamwamkia, naye ameshaitikia, na mtoto aliyetoka kumwamkia mtu mzima anamuulizaje kama ana sumu? Nilianza na la pili, kwa sababu lilionekana lina adabu. Akasema maji yapo, ziwa zima lile. La tatu nikalimeza. La kwanza sikuligusa kabisa. Akanipa mgebuka wa kukaanga, akaondoka na kitanda cha tatu kwenye kikapu. Nilimla yule samaki mpaka kichwa.

Kesho yake Bibi alirudi, akapita boksi kwa boksi bila hata kuvua mtandio.

"Nani amemruhusu?"

Unasikia swali lilivyo. Lilikuwa swali la wodini, na lilikuwa swali la nyumbani, na yote mawili jibu lake ni mimi.

"Ametoroka, Bibi."

Alizunguka Katubuka siku tatu, anagonga kijiko kwenye bakuli la bati na kuita. Nilitembea nyuma yake nikiita pia. Siku ya nne yule mchuuzi akarudi, akasema palepale mbele yangu, "Mama, yule wa kijivu uliyeniachia kwa mjukuu alikula panya mwenye sumu. Huna mwingine?"

Bibi hakunipiga. Hakunigombeza. Alimwambia mchuuzi hana. Kisha akalisugua boksi kwa majivu, akaliweka juani, na bila kunitazama akasema, "Zamu yako imekwisha. Nenda ukacheze."

Asubuhi zilizofuata nilimkuta ameshaosha dagaa. Alizidi kuzeeka, mgongo ukapinda, maboksi yakapungua hadi mawili, na bado hakuniachia hata bomba la maziwa. Nilijiambia nitamwomba msamaha nikifaulu kidato cha nne, halafu nikifika chuo, halafu likizo. Alifariki nikiwa kwenye mitihani ya mwisho. Nilipofika, jiko la nje lilikuwa limevunjwa, wajomba wameanza kujenga vyumba vya kupangisha. Wagonjwa wa mwisho walienda wapi, hakuna anayekumbuka.

Basi juzi nilimwambia jirani kwamba Bibi hayupo tena.

"Nimesikia, mwanangu. Nilidhani kazi yake umeirithi wewe. Haya, nitampeleka Kibirizi, kuna stoo wanatafuta paka."

"Stoo hiyo ina sumu?"

Akacheka. "Sasa stoo gani haina sumu?"

Swali la kwanza nimeliuliza hatimaye. Nikajiuliza mwenyewe la pili. Nikiitwa usaili Dodoma, nani atampa maji? Nikajiuliza la tatu, la kumchoka, na hilo ndilo nililoogopa zaidi. Nikasema, "Samahani, mama."

Alifunga kiroba akaondoka. Nilisimama mlangoni nikisikia kile kilio mpaka kikapotea kwenye kelele za bodaboda, nikingoja mtu aniulize nani amemruhusu. Hakuna aliyeuliza.