Kishale Nilichokihamisha

Mtu akiniuliza kazi yangu nasema naandika eksiti, naye ananikodolea macho. Basi nieleze. Ofisini kwetu, ghala la vipuri kule Industrial Area, kuna kompyuta kuu ya zamani ambayo hakuna anayethubutu kugusa programu yake. Eksiti ni kijiprogramu cha pembeni. Kinaidaka skrini ikiwa njiani kwenda kwa karani, kinaibadilisha kidogo, kisha kinaiachilia. Programu yenyewe haijui lolote. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kazi hiyo nilitafutiwa na jirani yetu wa Ziwani, mzee aliyekuwa karani pale kabla sijaanza shule. Alipeleka barua yangu ya maombi kwa mkono wake, akaniombea. Asubuhi tulitembea pamoja kwenda kazini, na tukivuka barabara alinishika mkono wa shati. Nilidhani ni mazoea tu ya uzee. Mjinga mimi.

Siku moja, bila kutumwa na mtu, nikajitia ujuaji. Niliona ni haraka zaidi karani akianza na idadi kabla ya namba ya kipuri. Nikaandika eksiti ikahamisha kishale, ile alama inayoonyesha utaandika wapi, kutoka sehemu ya namba hadi sehemu ya idadi. Sikumwambia mtu. Makarani wengine waliona, wakazoea kabla ya saa ya chai.

Mzee hakuona. Kumbe macho yalikuwa yamekwisha zamani. Wapakuzi wa mizigo walimsomea karatasi kwa sauti, naye alichapa kwa mazoea ya vidole: namba kwanza, idadi baadaye. Wiki nzima akaingiza kila kitu kinyume. Namba ya kipuri ikakaa penye idadi, mkanda mmoja wa feni ukaonekana ni maelfu.

Meneja alituita ofisini mwake, mzee na mimi tu. Akaniuliza, "Kuna kitu kimebadilishwa kwenye programu?"

"Hapana," nikasema. "Programu haijaguswa."

Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Meneja akageuza skrini, akamwambia mzee asome mstari mmoja, wowote. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mwishowe akasema, "Nisamehe, bosi. Vidole vimezeeka." Akastaafishwa mwezi uleule. Mimi niliifuta eksiti jioni ya siku ileile tuliyoitwa, kwa amri ya mstari mmoja, nikaenda nyumbani nikala.

Baada ya majuma kadhaa aibu ilinizidi. Nikaenda kwake Jumapili baada ya kanisa, nimeazimia kusema yote. Mkewe alimwekea kikombe mkononi, akamkunja vidole kukizunguka. Akaniambia, "Huyu alikuwa anajipikia chai na kunyoa ndevu mwenyewe. Tangu aache kazi hata jiko hataki kuliwasha."

Mzee akacheka kidogo. "Kijana wangu, mikono iliyonidanganya kazini, niiamini penye moto?"

Mikono yake haikuwa imekosea hata mara moja. Neno hilo moja ndilo lililonileta, na lilikuwa limefika kooni. Mzee akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nikamwambia inatosha, nikamaliza kikombe, nikaaga.