Friji ya Wodi ya Wazazi

Kazini walimwita Mama Sahihi. Ni wifi yangu, mke wa kaka, mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta, na hospitali yetu ilipotaka mfumo wa benki ya damu, yeye ndiye aliyepewa. Akachagua njia yake ya siku zote: mahitaji yote yaandikwe kwanza, wakubwa watie sahihi, ndipo uje mchoro, ndipo programu, ndipo majaribio. Hatua haianzi mpaka iliyotangulia iishe. "Damu si mchezo, wifi," alikuwa akiniambia. "Haraka haraka haina baraka." Mimi nafanya kazi maabara hapohapo, nilimtania kwamba kwa sahihi hizo tutatoka mvi.

Tulikuwa bado tunangoja sahihi ya mganga mkuu kaka alipopata ajali. Kundi lake la damu ni adimu, na friji yangu haikuwa nalo. Nikapiga simu upasuaji, hamna. Wodi ya wazazi simu haikupokelewa. Baada ya mazishi yake muuguzi wa kule akaniambia damu hiyo ilikuwemo kwenye friji yao, ng'ambo ya ua tu. Nikamwambia wifi. Akasema, "Aha," akaendelea kukunja mashati ya kaka.

Hakulia. Mie nilikasirika, tena sana, ningepata sababu ningemzaba kofi. Halafu nikajiona na mimi ni yaleyale: nakula sisikii ladha, nasalimiwa naitikia bila kujua nani kanisalimia.

Aliporudi kazini kikaitishwa kikao, nami nikaenda kwa niaba ya maabara. Meneja wake, kwa kumhurumia, akasema mradi uendelee vilevile. Wifi akakataa, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

"Tuukate vipande. Cha kwanza, damu gani iko friji gani. Basi. Kila wodi iingize ya kwake, maabara watumie, watuambie kibovu wapi, turekebishe. Ndipo tushike kingine."

"Na kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mfuko?" meneja akauliza. "Pale tukikosea tunaua."

"Hicho kifuate njia ya zamani. Kiandikwe, kitiwe sahihi, kijaribiwe mpaka mchoke. Lakini kujua kilichomo ndani ya friji hakungoji sahihi ya mtu."

Meneja akakubali.

Kipande cha kwanza kilikuja na sura mbaya, maandishi madogo kama chawa. Nikalalamika, akayakuza. Asubuhi moja akaingia dada mmoja, gauni limelowa damu isiyo yake. Mumewe yuko upasuaji. Friji yangu haikuwa na kundi la huyo mume. Nikaliandika kwenye kompyuta, ikajibu: wodi ya wazazi. Nikaukata ule ua mbio, nikarudi na mifuko, nikailinganisha kwa mkono kama kawaida.

Jioni nikampigia wifi, nikamwambia yule mtu amefumbua macho.

"Kundi gani?"

"La kaka."

Akauliza, "Ulichukua muda kuipata?"

"Wapi. Niliacha chai mezani, nimerudi bado ya moto."

"Kumbe kilikuwa kitu kidogo hivyo," akasema. Ndipo akalia, nami sikuweza kumwambia anyamaze.