Tarehe za Mbalamwezi

Miaka ile dawa za kurefusha maisha zilipoanza kufika Kagera, kazi yangu ilikuwa kusoma makosa ya watu nisiowajua. Nilisimamia mapitio ya programu huria ya kompyuta, ambayo kliniki ziliitumia kuandika wagonjwa na tarehe zao za kuchukua dawa. Huria maana yake mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuirekebisha na kututumia marekebisho yake. Nao walituma kweli. Nilikaa chumbani kwangu mjini, mtaa wa Rwamishenye, umeme ukija na kuondoka unavyotaka, nikisoma mstari kwa mstari, na kabla sijamaliza haya yamefika mengine. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna rekebisho linaloingia mpaka wasomaji wawili, mbali na aliyeliandika, wawe wamelikubali.

Sikuitunga kwa kupenda urasimu. Mwanzoni kuna mtu aliingiza la kwake bila kusomwa na yeyote, na watoto wa kliniki nzima wakaandikiwa dozi ya watu wazima. Muuguzi aliligundua mapema, tukapona. Tangu hapo nikawa mkali, na ukali huo ulinichosha kuliko kazi yenyewe. Watu walibishana juu ya kila kitu. Waliwahi kubishana kwa muda mrefu juu ya rangi: anayehudhuria aandikwe kwa nyeusi na mtoro kwa nyekundu, sawa, lakini aliyefariki je? Mmoja alitaka jina lifutwe, mwingine alitaka lichorewe msalaba. Mimi nilikuwa nimetoka mazishini huko Nyanga, na kesho yake msiba mwingine ulikuwa unaningoja. Nikaandika, "Kijivu," nikafunga mjadala.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Mama alimzaa mwaka tuliokimbia vita, tukiwa tumejibanza kwa ndugu, na siku zote alisema mtoto aliyeshinda mabomu hawezi kushindwa na kitu kingine. Dawa alizianza mapema, zikamkubali, akanenepa hadi mama akaanza kumtafutia mke. Tatizo lilikuwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na hapo ndipo wavuvi huvuka kuja nchi kavu kwa mambo yao yote, kliniki ikiwemo. Programu yetu haikuujua mwezi wa angani, ilijua tarehe tu. Mgonjwa akichelewa siku chache jina lake liligeuka jekundu, na mtoro hakupewa dawa mpaka arudie mafunzo juma linalofuata. Juma linalofuata giza limerudi, na tajiri wa mtumbwi hamngoji mtu.

Kwa hiyo alirudi kisiwani mikono mitupu, kisha ikatokea tena. Alipokuja kwangu alikuwa ameanza kukonda.

"Kaka, hiyo kompyuta ya kliniki ni yako?"

"Si yangu. Ni ya watu wote."

"Lakini mkubwa wao si wewe?"

"Ndiyo."

"Basi waambie, waitu, nakuomba. Sisi si watoro. Tunangoja mwezi."

Niliandika rekebisho siku hiyohiyo, ili kliniki iweze kuwapangia wavuvi tarehe zinazofuata mbalamwezi. Msomaji wa kwanza, mwalimu wa pale mjini, alilikubali haraka. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Ulaya, makini, mwenye adabu. Akauliza kama kuna kliniki nyingine duniani inayouhitaji mwezi. Nikamjibu. Akaomba majaribio zaidi kuhakikisha hesabu za mwezi. Nikayaandika. Akaenda likizo. Maswali yake yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililoniuma, maana ningekuwa mimi ningeuliza yaleyale. Uwezo wa kuliingiza bila yeye nilikuwa nao. Kila nilipofikiria kuutumia niliwakumbuka wale watoto, nikauacha. Nilimkasirikia yule mama, nikaukasirikia mwezi, nikamkasirikia hata mdogo wangu kwa kwenda kuvua.

Mbalamwezi ikaja ikapita. Mama yangu akanipigia simu kutoka kijijini kwetu Izimbya kwamba mdogo wangu ameletwa nyumbani, amelala, hata uji haupiti. Nilimkuta amegeukia mlango.

"Mzungu wako amesoma?" akaniuliza.

"Anasoma."

"Anasoma polepole." Akataka kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Tulimzika kibanjani, kwenye migomba yetu, karibu na baba. Niliporudi Rwamishenye nilikuta jibu la yule mama. Alisema kazi ni safi sana na aliomba radhi kwa kuchelewa. Hakujua lolote, na mimi sikumwambia. Nilimshukuru, nikaliingiza rekebisho, nikafungua lililofuata kwenye foleni.

Baadaye nilikwenda Muleba kuona kama linafanya kazi. Mwezi ulikuwa mpevu na kliniki ilikuwa imejaa wavuvi, wananuka dagaa, wanataniana, kila mmoja anaitwa na kupewa dawa zake. Muuguzi alifurahi kunionyesha. Akateremsha majina ya watu wa visiwani kwenye kioo cha kompyuta, meusi matupu, hakuna jekundu hata moja. Katikati likapita la mdogo wangu. Lilikuwa la kijivu.

Muuguzi akaniuliza kama nimeona kitu cha kurekebisha. Nikamwambia hapana, iko sawa.