Mwethya wa Kiwanda cha Ngozi

Shangazi yangu Kalondu alianza kazi kwenye kiwanda cha ngozi nikiwa bado natambaa, na harufu ya kazi hiyo hajawahi kuiombea mtu msamaha. Jumapili kanisani, akina mama wa mtaa wetu wa Mumbuni humwachia benchi zima kama vile yeye ni askofu. Siku moja mmoja wao alifunika pua kwa leso. Shangazi akamwinamia, akamwambia polepole ili padri asikatizwe, "Hiyo unanusa ni karo. Vuta vizuri." Karo yangu ya chuo, ile iliyofika katikati ya diploma ikaona ipumzike, ilitoka kwenye harufu hiyohiyo. Kwa hiyo mimi pia nilivuta, na sina pua ya kufunika.

Kiwanda ni cha Abdinur, Msomali wa ukoo wa wauza ng'ombe, mzaliwa wa hapahapa mjini. Kikamba chake kimenyooka kuliko changu. Ni jengo la mabati lenye mapipa makubwa ya mbao ya kuzungushia ngozi kwenye dawa. Kwenye kona iko mashine ya kukwangua, nayo ni gogo la chuma lililozungushiwa visu. Unashika ngozi mbichi kwa mikono miwili, unailisha mashine, visu vinaondoa nyama na mafuta. Zamani ilikuwa na kinga ya chuma mbele, ili mkono usifuate ngozi. Kinga ikaonekana inachelewesha kazi, ikatolewa. Ngozi za siku zikaongezeka na vidole vya Kaluki vikapungua viwili. Kaluki sasa hufungua geti. Shangazi ndiye aliyechukua nafasi yake kwenye mashine.

Mwaka wa 2009 mambo mawili yalifika Machakos kama wake wenza, kila mmoja na mzigo wake. Kwanza Sikukuu ya Wafanyakazi ilileta nyongeza ya mshahara wa chini. Halafu sheria mpya ya usalama kazini, ambayo tulidhani ni ya watu wa Nairobi, ikashuka stendi ikiwa ndani ya viatu vya afisa mmoja mwembamba aitwaye Nzomo. Alizunguka kiwanda akigonga kila kitu kwa kalamu kama daktari wa kuku. Akasema kinga irudi kwenye mashine. Maji machafu yaliyokuwa yakisimama sakafuni, ambayo watu huteleza nayo, yachimbiwe mtaro. Na mlango wa nyuma usipigwe kufuli watu wakiwa ndani. Akawapa mwezi mmoja, akaenda zake akijipangusa viatu kwenye nyasi.

Abdinur aliita wafanyakazi wote uani. Si mtu wa kelele, na siku hiyo alionekana kama ambaye hajalala.

"Sikizeni watu wangu. Ngozi mbichi mabroka wananunua wanapeleka ng'ambo. Viatu, watu wanavaa mitumba. Sasa mshahara umepanda, na huyu wa kalamu anataka nijenge upya. Moja nitaweza. Zote mbili nafunga, mashine nauzia mtu wa Thika, hii nyumba inakuwa stoo ya nyasi."

Halafu akamgeukia shangazi, ambaye kazini huitwa Mama Wathome, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamemchagua awe mdomo wao. Walichagua vizuri, maana ni mdomo kweli.

"Mama Wathome, akirudi ni wewe ataongea na wewe. Mwambie mmezoea hivyo. Mwambie kinga inawasumbua."

Wakati wa chakula walimzunguka na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, katikati. Masila, ambaye huendesha mapipa na huvaa mashati ya mikono mipana kama mwimbaji wa harusi, alianza kumbembeleza.

"Mama, sema tu hilo neno. Uongo mdogo haujawahi kuua mtu."

"Haujaua. Umekula vidole vya Kaluki, sasa uko na njaa tena."

"Na tukifungiwa tutakula nini? Mwaka huu mahindi hakuna, ng'ombe wanakufa wakiwa wamesimama."

"Kwa hivyo mimi nitoe mkono ndio wewe upate ugali."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila umeweka chumvi."

Nzomo aliporudi alikuta kinga haipo, mtaro haupo na kufuli linang'aa. Akauliza wafanyakazi wana maoni gani. Uwanja mzima ukamwangalia shangazi. Abdinur alikuwa amesimama kando akihesabu tasbihi, na nadhani hata zile shanga zilikuwa zinamwomba anyamaze.

"Hiyo mashine tunaiogopa," shangazi akasema. "Hakuna mtu ameizoea. Ni vile tunahitaji kazi."

Nzomo akatia muhuri mashine ile asubuhi hiyohiyo. Na kiwanda cha ngozi bila mashine ya kukwangua ni bucha bila kisu. Jioni Abdinur akafunga geti.

Kwa wiki mbili shangazi alipita Mumbuni kama deni la mtu mwingine, kila mtu akiangalia pembeni. Masila alimbatiza Mama Usalama, na jina likatembea haraka kuliko salamu. Akiingia dukani, mtu anauliza, "Mama Usalama, hii sukari iko na kinga?" Mimi nilikuwa nyumbani kwenye likizo ambayo chuo chenyewe kilikuwa hakijaarifiwa, kwa hiyo niliona. Hakulia wala hakueleza. Alifua aproni yake ya kazi, akaianika, na siku ya pili akaifua tena ikiwa safi. Hapo nilijua linamuuma.

Jumamosi aliniambia nivae viatu. Tulikwenda hadi kwa Abdinur nyumbani, tukamkuta anakunywa chai ya maziwa na mke wake, Najmo.

"Mzee, nimekuja kukuuliza swali moja. Kinga na mtaro, ni nini kilikushinda? Chuma?"

"Chuma ninacho. Ziko mabomba ya zamani nyuma pale. Ni kazi, Mama Wathome. Fundi wa kuchomea, waashi, wachimbaji, siku ngapi hizo. Na juu yake mshahara mpya."

"Kwa hivyo kilichokushinda ni mikono."

"Ni mikono."

"Mikono tuko nayo, imekaa bure wiki mbili. Tuite mwethya."

Abdinur akaweka kikombe chini. Hakuna mtu aliyekulia Machakos asiyejua mwethya, watu kuitana wakamchimbia mmoja wao shamba au bwawa bila malipo, kesho iwe zamu ya mwingine. Lakini mwethya wa kiwanda cha tajiri hakuna aliyewahi kuusikia.

"Na mshahara?" akauliza. "Mtaniachia ule wa zamani?"

"Huo mpya hauguswi. Mwethya ni wa siku, mshahara ni wa kila mwezi. Na unajua masharti. Mwenye kazi anafika wa kwanza, anashika jembe, na anapika."

"Mimi nishike jembe?"

Najmo akacheka ndani ya kikombe chake. "Ukiwa mdogo ulikuwa unaenda Kangundo kubebea watu mawe ya bwawa. Kila mgeni akija hapa unamwambia hiyo hadithi. Leo mawe ni yako umekuwa mzito?"

Mtu anaweza kushindana na shangazi yangu, au na mke wake. Wote wawili pamoja, hapana. Abdinur alikubali, akaongeza kwamba kufuli la mlango wa nyuma litaondoka pia, ingawa hilo alilisema akiangalia ukuta.

Kazi ilikuwa kuwapata watu. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba kwa wale wale waliokuwa wakimgeuzia mgongo. Kwa Masila alisema tu, "Nakuita mwethya. Ukikataa, waambie watoto wako kwamba uliitwa." Mkamba anaweza kukataa ugomvi, anaweza kukataa hata chakula. Mwethya anaukataa akiwa maiti tu.

Jumatatu walikuja wote. Abdinur alikuwa amefika mbele yao, suruali imekunjwa, na Najmo ana mbuzi kwenye sufuria. Erastus, kaka yake Kaluki, fundi wa jua kali, alichomelea kinga kutoka kwa yale mabomba. Waliobaki tulichimba mtaro, na ilikuwa kazi ya kupendeza. Nyimbo zilitoka, majembe yakaenda pamoja, udongo ukarushwa upande wa juu na kushindiliwa kwa miguu. Kufikia jioni tulikuwa na mtaro ulionyooka kama mstari wa rula. Tukapigana mabegani kwa pongezi. Tukafungulia maji tuone.

Maji yakaingia mtaroni, yakakaa. Hayakwenda popote. Yakatulia vizuri na harufu yake yote, yakaanza hata kumeta.

Tulikuwa tumechimba mtaro wa shamba, ule wa kando ya tuta, usio na mteremko. Watu wa vilima hivi, tangu babu zetu, wakishika jembe ni kwa sababu moja, kuzuia maji yasitoroke. Mwaka wa kiangazi kama ule ndio kabisa. Hakuna hata mmoja kati ya watu wote wale ambaye mikono yake ilijua kuchimba ili maji yaende. Tulimchimbia Abdinur bwawa la uchafu, tena la kudumu.

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo. "Sasa leteni ng'ombe wanywe," akasema. Masila akaanguka chini kwa kicheko, Abdinur akapangusa macho, na sikumbuki kama baada ya hapo kuna mtu aliyemwona shangazi kama adui. Kesho yake tulirudi tukabomoa ukingo na kuchimba kwa kuteremka, kila mmoja akijilazimisha, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Nzomo alikuja. Alisukuma kalamu yake kwenye kinga, haikupita. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni, akayafuata hadi nje. Alifungua mlango wa nyuma, akatoka, akarudi. Akabandua muhuri. Mwaka huo viwanda viwili vya majirani zetu wa barabara kuu vilifunga, wenyewe wakilaumu mshahara na sheria. Cha kwetu kilikuwa na mshahara huohuo na sheria hiyohiyo, na kilifunguliwa. Mnisamehe nikijivuna, ni damu yangu.

Kabla ya kuondoka Nzomo aliuliza ni mfanyakazi gani atakayekuwa na mamlaka ya kusimamisha mashine akiona hatari. Hakuna aliyepiga kura. Watu waligeuka tu, wakamtazama shangazi.

Kazi ikaanza. Nusu saa haijapita, Masila alitumwa kusaidia kwenye mashine ya kukwangua, akaja na shati lake la mikono mipana. Shangazi akazima mashine. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Kunja mikono, ama nenda ukavae kitu cha mtu wa kazi."

"Mama, ni dakika tu—"

"Nitangoja."

Abdinur alitoka ofisini kuuliza kwa nini hakuna kelele. Akamwona Masila, akaona lile shati, akamwona shangazi na mkono wake juu ya swichi. Kisha akavuta kreti, akaketi, akangoja na yeye.