Kandambili za Shangazi

Juzi binti yangu, anayesomea udaktari, alinionyesha kwenye simu kitu kidogo cha miguu miwili kikitembea juu ya uzi, kimebeba mzigo mkubwa kuliko chenyewe. Aliniambia vitu kama hicho ndio wapagazi wa ndani ya mishipa ya fahamu. Wakikwama njiani, miguu ya mtu ndiyo inayodhoofika kwanza, maana iko mbali na uti wa mgongo.

Papo hapo nilinusa tena mafuta ya cherehani ya utotoni, kule kwetu Cibitoke. Ilikuwa alasiri, Idi ni kesho, na gauni langu lilikuwa halijaisha. Shangazi, aliyenilea, aliacha kukanyaga pedali. Siku hizo alikuwa akiburuta kandambili zake, kwaru, kwaru, nami niliamini anadeka.

"We ni muvivu tu," nilimwambia.

"Apana, mama. Mi naituma miguu, lakini maneno haifiki kule chini."

Nilicheka, nikaigiza mwendo wake mbele ya wateja. Hakunigombeza. Alizungusha gurudumu kwa mkono mpaka adhana ya magharibi, gauni likaisha.

Asubuhi nililivaa kwenda kuswali, nikatangulia upesi, watu wasijue tuko pamoja. Nyuma yangu nilizisikia kandambili, kwaru, kwaru, zikijitahidi kunifikia.