Ombi Langu kwa Mdomo wa Mjomba

Miaka minne nilifunga maboksi ya chakula cha mchana katika loji moja juu kidogo ya mji wa Karatu, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichonikera kama mayai. Yalikuwa yanarudi. Wageni wanaoshuka kreta ya Ngorongoro wanaondoka na chakula chao, na jioni madereva wanarudisha yale maboksi magumu ya plastiki ili yaoshwe. Kila boksi lilikuwa na paja la kuku, mkate uliopakwa siagi, ndizi, kipande cha keki na yai la kuchemsha. Mayai niliyachemsha mimi saa kumi na moja alfajiri, na jioni mimi huyo huyo nikayatupa, mazima, na maganda yake. Jamani, inauma! Mtu aliyelelewa akifuga kuku kule Qurus hawezi kutupa yai na roho yake ikatulia.

Nilitaka kupika. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa. Meza yangu ya kufungia ilikuwa nje ya mlango wa jiko, nasimama hapo na sweta mbili, nawasikia wapishi wakikaanga vitunguu, na mimi nahesabu ndizi. Mara mbili ilitokea nafasi ya mpishi msaidizi, na mara mbili akaletwa mtu kutoka nje. Sikusema kitu. Nilikuwa nasubiri nionwe. Niliamini kwamba nikifunga maboksi vizuri, mfuniko umekaa sawa, leso imekunjwa pembe nne, basi siku moja mtu mkubwa atapita aseme, huyu mbona yuko hapa?

Hakupita mtu. Nikaanza kuoza ndani. Nikifika nyumbani nanuna, nagonga sufuria, nafoka juu ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Siku moja binti yangu wa miaka saba akaniuliza, "Mama, leo nimekosea nini?" Alikuwa hajakosea kitu. Lile swali liliniaibisha hadi nikatoka nje kwa kisingizio cha kuanua nguo.

Kesho yake nikaanza kuandika. Nilichukua daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa, na kila jioni kabla ya kuosha maboksi nikawa nayafungua moja moja na kuandika kilichorudi. Wenzangu walinicheka. "Unafanya sensa ya mayai?" Nikawaambia ndiyo, na ninyi nitawahesabu. Baada ya miezi miwili nilijua kwamba ndizi hairudi, keki inarudi nusu, mkate unarudi ukiwa umeng'atwa mara moja, na yai ndilo msafiri mkuu, linashuka kreta na kupanda bila kuguswa.

Sababu alinipa mjomba. Huyu ni kaka wa mama yangu, dereva mkongwe kuliko wote pale kazini, na ndiye aliyeniingiza kwenye ile loji. Mtu wa majivuno kidogo, kofia yake haivui hata akiwa chini ya gari. Aliniambia kwamba kule chini mwewe ni majambazi. Mgeni akitoka nje na paja la kuku, mwewe analishukia na kulipokonya mkononi. Kwa hiyo wengi wanakula ndani ya gari, vioo vimefungwa. "Sasa nani atamenya yai humo, watu saba wanasikia harufu?" akasema. "Wanaona haya. Wanalirudisha kwenye boksi polepole, kama wameiba."

Nilicheka sana. Lakini nilipokuwa nacheka nikakumbuka mama yangu alivyokuwa anatufungia chakula cha shambani: chapati imeviringishwa, ndani mna mbaazi zilizopondwa na vitunguu vya Baray vilivyokaangwa mpaka vikawa vitamu. Unakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika jembe. Ukiongeza yai la kukaanga ndani yake, hakuna wa kumenya wala wa kuona haya. Nikaandika hilo pia kwenye daftari.

Mwezi huohuo mpishi msaidizi mmoja akaaga, anahamia Babati. Nafasi ikawa wazi kwa mara ya tatu, na nilijua kwamba hii ikinipita nitazeeka kwenye ile meza.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Kwetu, katika ukoo wetu, ombi zito mtu halisemi mwenyewe. Ukitaka kuoa, ukitaka shamba, ukitaka kusamehewa, unatuma mkubwa akusemee. Kujiombea ni kujivua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilimfuata mjomba nyumbani kwake, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Alifurahi. Alinyoosha koti. "Niachie mimi," akasema. "Huyo meneja nitamwendea kesho."

Meneja wetu alikuwa mama wa Arusha mjini, mtu mwema lakini wa maneno mafupi, anayezungumza huku anaangalia saa. Mjomba alikaa ofisini kwake nusu saa nzima. Akatoka anatabasamu, akanipungia mkono kutoka mbali. Nikajiona tayari nimevaa kofia ya jikoni.

Siku ya tatu nikaitwa.

"Mjomba wako amenieleza," meneja akasema. "Pole sana. Ungeniambia mapema. Kuanzia Jumatatu utakuwa chumba cha mashuka, kazi ya kukunja tu. Kule kuna kiti."

Kiti! Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante, mama." Nikatoka. Mpaka leo nikikumbuka ile asante natamani kujipiga kofi.

Nilimkuta mjomba anaosha gari. Sikumwamkia, na hiyo ilitosha kumwonyesha hali. "Mjomba, ulimwambia nini yule mama?"

"Nilisema vizuri kabisa. Nikaanza na mvua, ilivyochelewa. Nikamuuliza watoto. Nikamwambia, mama, binti yetu amesimama kwenye meza ile miaka minne, kwenye baridi."

"Halafu?"

"Halafu nikanyamaza."

"Ukanyamaza?"

"Ili aulize! Mtu akinyamaza hivyo, si unamuuliza, sasa binti yenu anataka nini? Yeye akasema, nimekuelewa, mzee. Akasimama. Ningefanyaje?"

Hasira ilinipanda, halafu ikakosa pa kutua. Maana mjomba alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nyumbani kwetu Qurus, kimya kile kingeulizwa swali lake kabla hajakunja mguu. Tatizo ni kwamba yule mama hakukulia Qurus. Alisikia binti, meza, baridi, akaona huruma, akanitafutia kiti. Mimi ndiye niliyetuma kimya kikanisemee.

Nikaenda chumba cha mashuka. Kilikuwa na joto, haki ya Mungu, na kiti kweli kilikuwepo. Nilikunja mashuka wiki mbili, mgongo umepumzika na moyo unawaka. Huko hata harufu ya vitunguu haikufika. Ijumaa ya wiki ya pili tukasikia kwamba Jumatatu shefu, mkuu wa jiko, atachagua mtu wa ile nafasi kati ya watu wawili, na mimi sikuwemo.

Jioni hiyo nilirudi kwa mjomba. Hii ilikuwa ngumu kuliko meneja. Kwenda mwenyewe baada ya kumtuma yeye ni kutangaza kwamba alishindwa, na yeye ndiye aliyenishika mkono kuniingiza pale. Nilimwamkia mara mbili.

"Mjomba, nataka niende nikaseme mwenyewe."

Aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mdomo wangu umeoza?"

"Haujaoza. Yule mama hasikii kimya. Anahitaji aambiwe."

"Mimi nimesema na watu tangu hujazaliwa." Akageuza uso, akaanza kuzungumza na mke wake habari za ng'ombe, kama sipo. Nililia njiani, na sikujali nani ananiona.

Jumamosi asubuhi nilivaa sare safi, nikachukua daftari, nikaenda ofisini. Mlangoni nikamkuta mjomba. Alikuwa amevaa koti la ibada juu ya sare ya udereva, na kofia ameishika mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Upara ulikuwa mweupe, haujui jua. Akabisha hodi, akaingia, mimi nyuma yake.

"Mama," akamwambia meneja, "binti huyu ana neno lake."

Akatoka, akafunga mlango. Hakugusia mvua.

Nilisimama pale. Sauti ilitoka nyembamba mno, lakini ilitoka. "Mama, mimi sikuchoka. Nataka kupika. Naomba ile nafasi ya jikoni." Nikaweka daftari mezani na kulifungua, maana sikuamini kwamba mdomo utaendelea. Nikamweleza mayai, mwewe, vioo vilivyofungwa, chapati ya mama. Kwa mara ya kwanza nilimwona haangalii saa. Alifunua kurasa, akacheka mahali fulani, sijui wapi.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilidhani nimekwambia," nikasema.

Alifunga daftari. "Shefu ndiye anayeamua. Kesho pika hizo chapati. Maboksi yote ya kesho."

Shefu hakupenda. Alisimama nyuma yangu mikono kiunoni tangu unga wa kwanza, akaonja mbaazi, akasema "Chumvi," akaonja tena, akanyamaza. Nilishindwa kujua kimya chake ni cha aina gani. Magari yakaondoka. Mchana kutwa nilikunja mashuka na kuyakunjua na kuyakunja tena.

Saa kumi jioni gari la mjomba likafika la kwanza. Akashusha kreti ya maboksi, akaibeba yeye mwenyewe ingawa si kazi yake, akaiweka juu ya meza yangu ya zamani. Shefu alikuwepo. Nikafungua la kwanza: ganda la ndizi na leso. La pili vilevile. La tano lilikuwa na kipande cha chapati kimebaki, nikamkasirikia mtu nisiyemjua. "Huyo alikuwa anatapika tangu asubuhi, barabara ilimshinda," mjomba akawahi kunitetea. Shefu alichukua kile kipande, akakinusa, akasema Jumatatu nije saa kumi na moja alfajiri, nisichelewe, na nikate kucha.

Sitadanganya kwamba maisha yaligeuka asali. Jikoni bado nasimama, vidole vimeungua mara zisizohesabika, na shefu anafoka mpaka masufuria yanaitikia. Lakini nikirudi nyumbani sigongi vitu. Binti yangu haniulizi tena amekosea nini. Anauliza leo nimepika nini, na namweleza mpaka anasinzia.

Yote hayo yana miaka mitatu sasa. Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, mjomba alikuja kwenye mlango wa jiko mchana, wakati magari mengine yote yako kreta. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kuhusu mbaazi, akauliza mtoto anaendeleaje shuleni. Halafu akanyamaza.

Nikafuta mikono. "Sasa mjomba anataka nini?"

Alishusha pumzi. Akaniambia kwamba wiki iliyopita wageni walipiga kelele ndani ya gari, faru, faru, na yeye akawaambia kwa uhakika kabisa kwamba ni jiwe. Jiwe likatembea. Wageni walicheka, na yeye akacheka nao, lakini jana kwenye kona za karibu na Karatu hakuiona pikipiki mpaka ilipokuwa pembeni mwa kioo. Aliegesha, akakaa dakika kadhaa, akijifanya anawaonyesha wageni ndege.

"Nataka nitoke barabarani," akasema. "Waniweke gereji, niwafundishe hawa madereva wapya kutunza magari. Lakini nikisema macho, wataniambia niende nyumbani. Wewe sasa wanakusikiliza. Nenda kanisemee."

Nilitamani sana kusema ndiyo. Ningelisema vizuri, ningemaliza kwa dakika mbili, na yeye asingevuliwa nguo mbele ya mtu. Nilivua aproni, nikaitundika.

"Twende, mjomba."

Mbele ya mlango wa ofisi alivua kofia mwenyewe. Nikabisha hodi, tukaingia, meneja akainua kichwa.

"Mama," nikasema, "mzee huyu ana neno lake."

Nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama hapo hapo nje, mkono mdomoni. Nilimsikia akikohoa. Nikamsikia anaanza na mvua, jinsi mwaka huu ilivyokuwa nyingi, na maharage yalivyolala. Kisha kimya. Nilikijua kimya kile, nikakisikiliza kikienda, na meneja hakuuliza kitu.

Halafu mjomba akasema, "Mama, macho yangu."