Rambirambi za Mtandaoni

Wiki ile vitumbua vya Kandida viliungua kila asubuhi, na wateja wake wa Viwanja Sitini walivila hivyo hivyo, maana nani angethubutu kumwambia? Mama wa watu alikuwa hakaliki. Anakaa kwenye kigoda, anainuka. Anageuza kitumbua kimoja, anavisahau vingine, anakwenda hadi uzioni kuchungulia barabara, anarudi moshi umeshatanda. Ukimsalimia anakuitikia huku macho yakiwa kwingine. Ifakara nzima ilijua kinachomsumbua, na kama hujawahi kuishi Ifakara, basi ujue kwamba pale siri yako jirani anaijua kabla hujamaliza kuificha.

Kilichomsumbua kilikuwa wimbo.

Kandida ni Mpogoro, wazazi wake waliteremka kutoka upande wa Mahenge wakaja kulima mpunga bondeni. Tangu usichana wake yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo misibani. Jumuiya yao ikipata msiba, watu walikuwa hawaulizi padri anafika saa ngapi. Walikuwa wanauliza, "Mama Tekla ameshakuja?" Akishafika, akijikohoza kidogo na kuvuta sauti ya kwanza, hata wale wanaume wanaozungumzia mpira nje walikuwa wananyamaza.

Halafu akafiwa yeye. Tekla, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Mofu na kijana mkulima aitwaye Donati. Uchungu ukamshika masika yamepamba moto, maji yamekata njia. Mpaka mtumbwi umepatikana, mpaka umevuka, Tekla alikuwa ameshaondoka, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Siku ya mazishi watu wote walimtazama Kandida, wakisubiri aanzishe. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Tangu hapo misibani alikwenda, ndiyo, alichambua mchele na kuosha masufuria, lakini hakuimba tena.

Wimbo wenyewe ulimjia asubuhi moja akiwa jikoni, bila kuutafuta. Alikuwa akiimba polepole, akimuuliza Tekla nani atamvusha, maji yamejaa, nani atamvusha. Hakujua kama Fidelis amesimama nyuma yake. Fidelis ni mtoto wa kaka yake, ana studio ya chumba kimoja, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Alikuja kununua vitumbua, akasahau njaa.

"Shangazi," alisema, "njoo uuimbe kwangu."

Wakaurekodi. Fidelis akamweleza kwamba kuna duka la mtandaoni ambako mtu anapakua wimbo na bei anapanga mwenyewe.

"Akitaka kutoa nyingi, sawa. Akitaka kutoa kidogo, sawa. Asipotaka kutoa kitu, nayo sawa. Nusu yako, nusu ya wale akina mama wanaokodi nyumba hapa mjini, ili wajawazito wa ng'ambo ya mto waje mapema kabla mvua hazijakata njia."

Kandida aliinamisha kichwa akifikiri. Kisha uso ukamfunguka.

"Aa! Sasa nimekuelewa. Ni rambirambi."

Fidelis alicheka, akasema eeh, kama hivyo. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu mmoja alijibu kwa mdomo tu, na mwenzake akalipokea jibu moyoni.

Maana rambirambi zina sheria zake. Unatoa ulichonacho, hakuna anayekuuliza kwa nini ni kidogo, na asiye na kitu analeta kuni au anakuja na machozi yake. Lakini ukishapokea, unadaiwa. Siku yule aliyekupa akifiwa, lazima wakuone. Usipoonekana, jamani, bora uhame.

Basi wimbo ukaenda. Ukaingia kwenye makundi ya simu, ukasambaa, na kila baada ya muda Fidelis alileta habari kwamba kuna mtu tena ametoa. Kandida alipokea akimshukuru Mungu. Ila maneno nayo hayakukosekana. Sokoni kuna mmoja alisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba Mama Tekla anakula jeneza la mwanawe. Kandida alijifanya hakusikia. Alisikia sana.

Kisha akaja Donati.

Mkwe haingii kwa mama mkwe hivi hivi. Donati alisimama nje ya uzio, ubavu ubavu, macho yakitazama barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimeshakaribia. Mama, ule wimbo nimeusikia mashineni, tunakoboa mpunga. Upo kwenye simu ya mtu. Jina la mke wangu linaimbwa, na mwenye simu anatafuna muhogo."

Kandida alishika nguzo ya uzio.

"Mama, nakuheshimu. Lakini msiba hauuzwi."

"Sijauza, Donati. Wanatoa rambirambi."

"Hao wanaotoa tuliwaona siku ya kuzika? Unawajua? Wanakujua?" Sauti yake ilipanda, akaishusha haraka. "Mtu anatoa, mtu anapokea, wimbo unakwenda. Kwetu Mofu tunaita kuuza. Naomba ufutwe."

Kilichomuuma Kandida hasa ni kwamba hata yeye, akilala, alikuwa akijiuliza hilo hilo.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema mwishowe. "Ukija na bado sina jibu, Fidelis ataufuta wewe ukiona."

Donati aliaga kwa adabu na kuwasha pikipiki. Kandida hakungoja hata vumbi litulie. Alimwachia jirani yake Rabia karai la mafuta ya moto, akaenda studio na aproni kiunoni, mikono ina unga.

"Fidelis! Hao watu ni akina nani?"

"Watu gani, shangazi?"

"Wanaotoa!"

"Ah. Wateja."

"Mteja ni anayenunua kitumbua!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Wewe uliniambia ni rambirambi. Mimi nimepokea, nimekula, na mpaka leo sijui ni nani amefiwa nikakosa kwenda. Waandikie!"

"Niwaandikie nini?"

"Andika. Mimi ni mama yake Tekla. Rambirambi zenu zimenifikia, na waliokuja mikono mitupu nao nimewaona. Mungu awabariki. Ukifiwa, niarifu. Nikiweza nitakuja. Nisipoweza, siku hiyo nitakaa chini hapa kwangu nikiomboleza."

Fidelis alijikuna kisogo. "Shangazi, watatuona vichaa. Humu kuna mpaka Wazungu."

"Kwani Wazungu hawafi?"

Akaandika. Angefanyaje? Aliandika Kiswahili na Kiingereza chake cha kubahatisha, akatuma kwa wote, waliotoa na waliochukua bure.

Hapo ndipo vitumbua vilipoanza kuungua. Kandida alikwenda studio asubuhi, akaenda mchana, akaenda jioni, mpaka Fidelis akawa anamjibu kabla hajaulizwa. Mmoja ametuma alama ya moyo. Mwingine dole gumba. Mwingine, wa mbali huko, ameuliza kama mama ana nyimbo za kuchangamka.

Kandida alisonya sonyo refu. "Za kuchangamka!"

Alirudi nyumbani akaanza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Rabia alimsihi akae, anywe hata chai.

"Nimemuuza mwanangu, Rabia," alisema, ufagio mkononi. "Donati ana haki. Nimemuuza Tekla kwa watu wanaotafuna muhogo."

Rabia alimpokonya ufagio tu.

Jumamosi mchana Fidelis alikuja mbio, simu juu juu, kandambili moja imemkatikia njiani. Alisoma akihema.

"Mama shikamoo. Mimi naitwa Ngusa, mkata miwa, nipo Kisawasawa. Wimbo wako nilichukua bure, unisamehe, sikuwa na kitu. Mama yangu mgonjwa alikuwa anausikiliza kitandani. Amefariki leo alfajiri. Kwetu Shinyanga ni mbali, siwezi kumsafirisha, nazika hapa hapa kesho. Ulisema tukuarifu. Nimekuarifu."

Kandida alikaa. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikaa kwenye kigoda na hakuinuka. Kisha akamwambia Rabia ampimie mchele.

Jumapili Donati alipofika uzioni, alimkuta mama mkwe amejifunga khanga mbili, na gunia la mchele limekwisha fungwa kwenye bodaboda ya kukodi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa lile jambo letu."

"Marahaba. Nimefiwa."

Donati alishtuka. "Poleni! Na nani tena?"

"Simjui. Washa pikipiki yako unifuate."

Hebu fikiria mwenyewe. Mkwe atakataa vipi? Na kumpakia mama mkwe nyuma yake kwenye pikipiki haiwezekani, ni aibu. Basi bodaboda ilitangulia na Kandida na mchele wake, Donati akafuata nyuma akila vumbi, amekunja uso.

Msiba wa Kisawasawa ulikuwa mdogo, wa kusikitisha. Wakata miwa wachache, majirani wachache, mkeka mmoja kivulini. Ukoo wote wa marehemu ulikuwa Shinyanga. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa bado wanachimba kaburi, maana ardhi ile ya chini ya milima ina mawe, na wachimbaji walishachoka. Donati alisimama pembeni, mikono kifuani. Alivumilia kidogo. Kisha akavua shati, akamgusa bega mzee mmoja aliyekuwa shimoni, akapokea sururu.

Ndani, wanawake walikaa kumzunguka marehemu kimya. Hawakujua nyimbo za kwao marehemu, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanzishe. Kandida aliketi karibu na kichwa cha marehemu. Alijikohoza. Alikumbuka siku ile kinywa kilipofunguka bila sauti. Akafungua hivyo hivyo.

Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Nani atakuvusha, maji yamejaa. Alipofika kwenye kiitikio alijua ataimba peke yake, lakini wanawake wakamwitikia, wote, neno kwa neno. Wiki nzima ile walikuwa wameusikia ukitoka dirishani kwa mgonjwa. Kandida aliimba huku machozi yakimdondoka, na hakuyafuta.

Shimoni, Donati aliacha kupiga sururu. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika mpini. Kisha akachimba kwa nguvu mpaka wenzake wakamwambia apumzike.

Walipokwisha kuzika, Ngusa alipita akishukuru watu mmoja mmoja. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu. Kwa Kandida alipiga goti, akaanza tena kuomba radhi kwamba alichukua bure.

"Nyamaza, baba," Kandida alisema. "Umeniita. Wengine wote hawajaniita."

Ngusa akamgeukia Donati, aliyekuwa anajipangusa udongo. "Na wewe, kaka, asante sana. Umefanya kazi ya watu watatu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Donati. Natoka Mofu. Mimi ndiye mume wa Tekla."

Ngusa alimshika mikono yote miwili.

"Wa Tekla? Ndiye wewe? Pole, kaka. Pole sana. Mama kila akimaliza kuusikiliza alikuwa ananiuliza, na yule mume wake sasa anaishije?"

Donati alitaka kujibu. Tangu arobaini ipite, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza anaishije. Mofu watu walishamwambia aoe. Alikaa chini palepale kwenye udongo mbichi, mtu mzima na ndevu zake, akalia kwa sauti, na Ngusa akakaa naye.

Kandida aligeuka akatazama pembeni, maana mama mkwe hamtazami mkwewe akilia. Simu yake ikaita. Alikuwa Fidelis, naye hakulala kwa wasiwasi.

"Shangazi, Donati amekuja? Anasemaje? Niufute?"

Kandida alimpa simu Ngusa, Ngusa akampa Donati. Donati alijifuta uso kwa shati.

"Shemeji," alisema. "Usiufute. Waandikie wale watu wote, na hao Wazungu. Waambie Ngusa wa Kisawasawa amefiwa na mama yake."